Mikumi Kabla ya Saa Nane

Kwa sisi tuliokulia Morogoro, kumwona tembo halikuwa jambo la ajabu. Barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na kila aliyepanda basi la Mbeya alirudi na habari za twiga aliyemwona dirishani. Baba hilo halikumtosha. Kupita si kuingia, alikuwa akisema. Iweje wageni watoke Ulaya waje washinde na wanyama kutwa nzima, halafu watoto waliozaliwa jirani na hifadhi wawajue kwa kuchungulia tu? Kiangazi cha mwaka 1983 akaamua: tutaingia langoni kama watu wengine, familia nzima.

Vijana wa leo hawawezi kujua uamuzi ule ulikuwa mzito kiasi gani. Vita vya Uganda vilikuwa vimeikausha hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Sukari, sabuni na unga wa ngano vilikuwa vya foleni. Zaidi ya hayo, serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya petroli. Jumamosi baba alikuwa zamu kiwandani. Basi mpango wote ukaanzia mwisho: saa nane tuwe tumeshaingia mjini, kwa hiyo saa sita tuwe tumetoka hifadhini, kwa hiyo tuondoke nyumbani usiku wa manane ukiwa umepita kidogo tu.

Gari lilikuwa Peugeot 404 ya baba mdogo. Alilitoa kwa moyo mweupe, ila petroli tujitafutie. Baba akawa anaikusanya kidogo kidogo kwenye dumu, akiliweka stoo nyuma ya magunia. Ule ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na mama hakupata usingizi mzuri dumu likiwa ndani ya nyumba. Kila mbwa alipobweka, alimgusa baba bega. Ilibidi pia tumalize kabla ya mvua, kwani udongo mweusi wa mbuga ya Mkata ukilowa, gari la kawaida halitoki.

Jirani mmoja alituletea unga wa ngano aliokuwa ameuweka kwa ajili ya sikukuu. Mwingine akatoa kikombe cha sukari. Nalitaja hili kwa sababu safari ile haikuwa yetu peke yetu, mtaa mzima uliichangia. Mama alipika chapati, akachemsha mihogo, akamchinja jogoo aliyekuwa akituamsha kwenda shule.

Bibi, aliyekuwa ametushukia kutoka Matombo, ndiye aliyekuwa mgumu.

"Mama, twende ukaone wanyama," baba alimbembeleza.

"Mwanangu, mimi na nguruwe pori tumekesha wote shambani miaka yote hii, nikaone nini tena?"

Mwishowe alikubali, akapewa kiti cha mbele. Mdogo wetu wa mwisho hakupata nafasi, akaachwa kwa shangazi analia.

Tulipita Doma kukiwa bado giza. Langoni askari wa hifadhi akaandika majina yetu kwenye daftari kubwa, akapanda nasi, mimi nikakaa mapajani kwa kaka. Palipopambazuka tulikuwa tayari kwenye mbuga ya Mkata, nyasi zimekauka rangi ya dhahabu, nyati wametanda hata hatukujaribu kuwahesabu.

Halafu tembo. Waliposikia injini majike yalikusanyika, yakawaweka watoto katikati, yakatugeuzia vichwa. Mtoto mmoja alipenyeza mkonga chini ya tumbo la mama yake akinusa upande wetu. Niliona vinywele vyekundu kichwani, vimejaa vumbi. Askari akamwambia baba azime gari.

"Hawa wanatoka kusini," alisema kwa sauti ya chini. "Huko wanasikia risasi."

Kusini kulikuwa na pori la akiba la Selous. Bibi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiwafukuza wanyama kwa debe na moto, akauliza: "Wanawaua kwa sababu wamekula mazao?" Askari akajibu kwamba hapana, ni kwa meno tu. Bibi alisikitika mno. Kuua mnyama aliyekula jasho lako alikuelewa. Hili hakulielewa kabisa, na njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia.

Tuliingia Msamvu kabla ya saa nane, polisi wakiwa wameshajipanga barabarani.

Baba angeweza kusema tusubiri hali itengemae. Wengi walisema hivyo, na walikuwa na haki. Lakini sensa ya mwaka 1976 ilikuwa imehesabu tembo zaidi ya 100,000 katika eneo la Selous, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Petroli ilirudi vituoni. Tembo ndio waliokuwa wakiisha. Yule mdogo wetu aliyeachwa kwa shangazi alikwenda Mikumi mwaka 1989 na wanafunzi wenzake. Walizunguka Mkata hadi mchana, wakaona kundi moja dogo, nalo lilikimbia kabla basi halijasimama. Mwaka huohuo serikali ilianzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili.