Watumishi Walio Chini ya Maharagwe

Msafiri atokaye Kisii kwenda Nyamira huona vilima vya migomba, chai, na mahindi yaliyochanganywa na maharagwe. Ndugu mkulima, ng'oa mharagwe mmoja unaotoa maua. Vinundu vya mizizini ni nyumba za bakteria, ambao huivuta nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kipasue kimoja: kikiwa chekundu ndani, wanafanya kazi; kikiwa cheupe au cha kijivu, hawafanyi. Mvua ikikatika kwa muda mrefu hudhoofika. Nao mmea ukitiwa mbolea nyingi ya nitrojeni huacha kuwatafuta. Mahindi na majani ya nepia hayana vinundu hivyo. Hayo ndiyo yenye haja zaidi ya samadi na mbolea ya nitrojeni. Basi tazama mizizi kwanza, ndipo ufungue mkoba.