Takriri na Vina katika Shairi la Mto na Mwezi

Mhakiki anayehesabu vina na mizani hulaumiwa mara nyingi kwamba anapima chombo na kuyasahau yaliyomo. Shairi la Zhang Ruoxu, mshairi wa China wa zama za Tang (618–907), kuhusu mto, maua na mwezi katika usiku wa majira ya machipuko, latupa sababu ya kuipima upya lawama hiyo.

Umbo lake ni bayana. Lina mishororo 36, na kila mshororo una mizani 7 katika vipande viwili: cha mizani 4 na cha mizani 3. Kina hubadilika kila baada ya mishororo 4, hivyo zinapatikana beti 9. Katika kila ubeti, mshororo wa kwanza, wa pili na wa nne huwa na kina kimoja, ilhali wa tatu huachwa huru.

Sambamba na vina hivyo vinavyobadilika, kuna takriri inayodumu. Neno lenye maana ya mwezi limetumika mara 15, wala hakuna ubeti unaolikosa. Neno la mto limetumika mara 12, lakini kwa mpangilio mwingine: limo katika beti 4 za mwanzo, halimo kabisa katika ubeti wa 5, wa 6 na wa 7, kisha linarejea katika beti 2 za mwisho.

Ni vigumu kuuona mpangilio huo kuwa wa bahati nasibu. Beti hizo tatu ndizo zinazomsawiri msafiri aliye mashuani na mwanamke anayemngoja ghorofani. Mto, ulio njia ya kurudi, umefutika katika lugha yenyewe. Umebaki mwezi, ambao mwanamke hawezi kuukunja pamoja na pazia wala kuupangusa usirudi. Mto unapotajwa tena, maji yake yanayachukua majira ya machipuko, na msafiri bado hajafika.

Katikati ya shairi, mshairi anavitazama vizazi vya wanadamu vikipishana chini ya mwezi uleule. Vina vinatenda jambo hilohilo: kimoja huja, hukaa mishororo minne, kikampisha mwenzake, neno la mwezi husalia. Basi umbo na maudhui hapa havitenganiki. Kuhesabu peke yake si kuhakiki. Lakini asiyehesabu asingalitambua kwamba mto umetoweka.