Mfuko wa Mji

Msomaji wangu, yamkini umepata kusimama kando ya barabara wakati wa masika, ukaona maji machafu yakipita kwa fujo mbele ya milango ya watu, ukauliza: Je, mji huu hauna mwenyewe? Swali hilo ni la haki, walakini hapana budi lifuatwe na jingine lililo gumu zaidi. Fedha ya kuyaondoa maji haya ilikuwa wapi, na ni nani aliyeamua iende kwingine? Wengi hulipita swali hili la pili kwa kuwa limefichwa ndani ya vitabu vya hesabu, na vitabu vya hesabu havina sura ya kupendeza. Nakuomba tuvifungue pamoja.

Zamani jambo hili lilikuwa na njia fupi. Nairobi ilipata kamati yake ya kwanza ya mji mwaka 1900, ilipokuwa ingali kituo cha reli chenye matope mengi. Ikapata baraza la manispaa mwaka 1919, na mwaka 1950 ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Madiwani walikaa katika ukumbi wao, meya akiwa na joho na mkufu, wakagawa fedha za mitaa. Waafrika walikuwa wengi mjini na wachache ukumbini. Hata Charles Rubia alipovaa mkufu ule mwaka 1962, wa kwanza miongoni mwa Waafrika, mitaa iliyowahi lami na taa ilikuwa imekwisha kuwahi, na iliyokosa ilikuwa imezoea kukosa. Mpaka leo, mtu atembeaye toka magharibi ya jiji lile hadi mashariki yake huweza kuusoma mgawanyo ule wa fedha chini ya nyayo zake.

Mwaka 1983 serikali kuu ilivunja baraza hilo, ikaweka tume ya kuteuliwa iliyodumu hadi 1992. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyobadili mambo toka shinani. Tangu 2013 mabaraza ya zamani hayapo tena. Zipo kaunti 47, na mbili katika hizo, yaani Nairobi na Mombasa, ni miji mizima. Gavana na mawaziri wake hupendekeza matumizi. Bunge la Kaunti huyapima na kuyapitisha. Nairobi ina wadi 85 na Mombasa ina 30, na kila wadi huchagua mwakilishi wake, ambaye wengi wetu tungali tunamwita diwani. Usidhani kwamba mamlaka hayo yamepigiliwa misumari. Mwezi wa Februari 2020 kazi nne kubwa za Kaunti ya Nairobi, zikiwamo afya na uchukuzi, zilihamishwa kwa mkataba zikaenda serikali ya taifa, nazo zilikaa huko hadi 2022.

Fedha yenyewe hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika hazina ya taifa, maana Katiba inaamuru kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu zilizokwisha kukaguliwa. Sehemu nyingine hukusanywa mjini penyewe: kodi ya ardhi, leseni za biashara, ada za kuegesha magari, ushuru wa masoko na mengine ya namna hiyo. Hapa nataka usimame kidogo. Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa thamani zilizokadiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fikiri maana yake. Mwenye kiwanja katikati ya jiji alilipa kwa bei ya zamani sana, na huku muuza sukumawiki akilipa ushuru wa soko kwa bei ya leo, kila aamkapo, auze asiuze. Hakuna aliyesimama bungeni akasema, "Natutoze maskini tuwaache matajiri." Ilitosha kitabu cha thamani kisifunguliwe. Mambo mengi ya mji huamuliwa hivyo, kwa kuachwa.

Fedha ikisha kuingia, haiko huru kama udhaniavyo. Mishahara hutangulia. Yapo madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita, zipo dawa za hospitali, yapo mafuta ya magari ya taka. Sheria inataka kaunti itenge si chini ya asilimia 30 kwa maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimeona taabu kutii vipimo hivyo. Basi mabishano makali ya wananchi huwa juu ya sehemu nyembamba tu ya mkate, na pengine sehemu hiyo nayo huwa imekwisha kung'atwa.

Tena kuna mwiba mwingine ambao vijana hawaonyeshwi. Matumizi hugawanywa mafungu mawili, ya maendeleo na ya kawaida. Zahanati hujengwa kwa fungu la kwanza, lakini muuguzi, dawa na sabuni ya kufulia shuka hulipwa kwa fungu la pili. Kiongozi hupenda fungu la kwanza kwa sababu lina utepe wa kukata na jiwe la kuandikwa jina. Umepata kuona majengo mazuri yaliyofungwa kufuli, nyasi zikiota mlangoni? Mara nyingi ni watoto wa fungu la kwanza waliozaliwa bila ya kuulizwa fungu la pili kama litawalisha.

Mwaka mmoja niliombwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu katika mkutano wa wadi, katika mji ambao jina lake silitaji, kwa sababu watu wake wako hai na wana haya zao. Viti vilikuwa vya kukodi, kipaza sauti kilikuwa kikikohoa kuliko kusema, na waliokuja walikuwa wazee, akina mama wa soko na vijana wachache waliosimama mlangoni kama watu wasiotaka kuonekana wamekuja. Mzee mmoja akaomba kituo cha polisi. Mwingine akaomba madarasa mawili ya shule ya upili. Makofi yakapigwa. Niliandika, lakini nilijua kwamba maombi yale yalibisha nyumba siyo. Polisi ni kazi ya serikali ya taifa, na shule za msingi na za upili vile vile. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya, taka, masoko, taa za barabarani, mitaro ya maji ya mvua, zimamoto, makaburi, hata leseni za mbwa. Nusu ya asubuhi ile ilikwenda katika mambo ambayo hapana aliyeketi mezani angeweza kuyatoa. Wakubwa walijua wakanyamaza; ni rahisi kumwitikia mzee kuliko kumsahihisha mbele ya watu.

Hatimaye akasimama mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga. Alinielekea mimi, si meza kuu. "Mwalimu," alisema, "andika mtaro. Mvua ya juzi ililala kitandani kwangu kabla ya watoto wangu." Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kabla hajaketi, binti mmoja afanyaye kazi kiwandani aliinua mkono. "Shikamoo, mama. Shida yako naijua, nami jirani yako. Lakini mimi hutoka nyumbani saa kumi za usiku. Mtaro hautaniona nikikabwa." Yeye alitaka ile taa ya mlingoti mrefu ambayo watu wa mitaa huiita mulika mwizi. Fedha iliyosemwa ingetosha kimoja tu.

Msomaji, nimewasikia watu wakisema kwamba shida ya miji yetu ni wizi peke yake. Wizi upo, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hauzoei kamwe kuuandika. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mwizi kati ya mama yule na binti yule. Palikuwa na haki mbili na mfuko mmoja. Diwani aliegemea taa, na sikumlaumu sana, maana taa huonekana hata na mtu apitaye kwa basi, na mtaro mzuri ni ule usioonekana kufanya kazi. Mkutano ulikuwa unaelekea huko. Kisha mzee aliyeomba kituo cha polisi akauliza kwa sauti ya chini: "Mheshimiwa, umeme wa taa hiyo utalipwa na nani mwaka ujao?" Hapakuwa na jibu. Mikono ilipoinuliwa, mtaro ulishinda kwa watu wachache. Binti yule alikunja leso yake akaondoka bila ya kuaga, nami nikaandika hesabu ya mikono katika daftari, na jina la taa nikaliandika pia, chini ya maneno "ombi la pili".

Mikutano kama hiyo si hisani ya wakubwa. Katiba inaamuru Bunge la Kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kodi ilianguka kwa sababu watu hawakuulizwa.

Baada ya mkutano karatasi huanza safari yake. Makadirio hufika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na hapana budi yapitishwe kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Kamati ya bajeti ikitaka kuongeza shilingi mahali pamoja, sheria inaitaka iipunguze mahali pengine. Kanuni hiyo ni ndogo kwa kuandikwa, kubwa kwa kutendwa. Kila diwani atakaye daraja hana budi kumtazama mwenzake machoni na kusema daraja la nani lingoje. Hata bajeti ikipita, fedha haitoki katika hazina ya kaunti ila kwa idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na pengine fedha ya taifa huchelewa miezi, mkandarasi akaweka sepetu begani akaenda zake.

Mtaro wetu ulichapwa katika bajeti, jina lake na kiasi chake. Nilimwonyesha mama wa samaki ukurasa wenyewe. Hajui kusoma sana, lakini aliuweka kidole juu ya neno "mtaro" akakiacha pale kwa muda.

Katikati ya mwaka ikaja bajeti ya nyongeza. Hii inaruhusiwa na sheria, kwa kuwa mwaka huwa na mambo yake yasiyotazamiwa. Lakini huja bila ya ngoma, watu wakiwa wamechoka na mikutano, na mara nyingi ndiyo bajeti ya kweli. Fedha ya mtaro ilikuwa imehamishwa kulipa madeni ya zamani. Usikasirike upesi. Mkandarasi asiyelipwa ana watoto nyumbani kama mama wa samaki, na mji usiolipa madeni hupata wajenzi wabaya kwa bei mbaya. Jambo lililoniuma ni kwamba hakuna aliyerudi wadini kusema. Masika yalikuja mtaro usipokuwapo.

Mama yule hakukubali. Aliomba nakala ya kumbukumbu, akaibeba katika mfuko wa plastiki, akaenda nayo mbele ya kamati ya mwaka uliofuata, mimi nikiwa nyuma yake kama msomaji wake tu. Mwenyekiti wa kamati alisoma hesabu ya mikono mara mbili. Mwaka huo mtaro ulichimbwa.

Mradi ulipotangazwa kuwa umekamilika, wanafunzi wangu watatu wa kidato cha pili walikwenda na kamba ya kupimia. Karatasi ilisema mtaro unafika mtoni. Mtaro wenyewe ulikoma kwenye kibanda cha fundi viatu, na maji yake yakawa yanamwagika hapo. Wakaandika barua kwa ofisi husika kuuliza sababu, wakitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo humpa ofisa siku 21 za kujibu. Jibu lilifika kabla siku hizo hazijaisha, kwa lugha ya adabu, likisema kwamba kipande kilichosalia kimewekwa katika makadirio ya mwaka ujao.

Wanafunzi wale waliisoma barua hiyo mara mbili, wakaikunja. Kisha mmoja wao akaniuliza bajeti ya nyongeza hutolewa mwezi gani.