Taarifa Kwanza, Mzigo Baadaye

Anayepita mbele ya duka letu la stationari hapa Musoma mjini anaona mashine ya fotokopi, laminesheni na foleni ya vijana wanaoomba ajira na mikopo ya vyuo. Meza ya nyuma haionekani. Pale pana mzani, roli za solotepu, maboksi yaliyokunjwa na kompyuta iliyochoka. Hapo ndipo ninapojaza nyaraka za vifurushi vya vikundi vya akina mama wasusi kutoka Bunda, Butiama na vijiji vya bonde la Mto Mara, kuanzia pande za Buswahili hadi karibu na daraja la Kirumi. Wanasuka vikapu, mikeka na mapambo kwa mafunjo, ukindu na katani. Wanunuzi wako Ujerumani, Uingereza, Marekani, Australia.

Watu huniuliza kuna ugumu gani, si ni kujaza fomu tu? Naandika haya kwa ajili yao.

Hadi miaka michache iliyopita tamko la forodha lilikuwa karatasi. Kifurushi cha thamani ndogo kilibandikwa CN22, cha thamani kubwa zaidi CN23. Unaandika kwa kalamu, unasaini, kinaondoka. Aliyetilia shaka maelezo yako alikuwa ofisa wa forodha kule kinakofika, naye alikuwa na kifurushi mkononi. Akitaka, anakata solotepu anaangalia mwenyewe. Kuanzia 1 Januari 2021, kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi chenye bidhaa kinachovuka mpaka lazima taarifa zake zitangulie kwa njia ya kielektroniki. Marekani walikuwa wameshatunga sheria yao mwaka 2018 kwa sababu ya fentanili, dawa iliyokuwa ikiua watu wao na kuingia kwa vifurushi vidogo vya posta. Ulaya hawakusahau Oktoba 2010, mabomu yalipokutwa ndani ya printa zilizotumwa kutoka Yemen kama mizigo ya ndege. Mfumo wao wa kukagua taarifa kabla mzigo haujapakiwa ulianza kuhusisha posta tarehe 15 Machi 2021.

Sababu hizo nazielewa na sizipingi. Lakini matokeo yake ni kwamba kazi iliyokuwa ya ofisa wa forodha kule Frankfurt imehamia kwenye meza yangu, na hakuna aliyekuja kutufundisha.

Chukua boksi moja la kawaida. Lina vikapu vya mafunjo vyenye mipini ya ngozi, mkeka mdogo na mikufu ya shanga. Mama mwenyekiti ameandika kwenye karatasi ya daftari: "vitu vya asili". Mfumo hauyataki maneno hayo. Hautaki "zawadi", hautaki "bidhaa", na Umoja wa Ulaya umechapisha kabisa orodha ya maelezo yasiyokubalika. Kila aina ya kitu inataka mstari wake: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, viko vingapi, uzito bila boksi, thamani, nchi kilikotengenezwa, na namba ya forodha inayoitwa HS, ambayo tarakimu zake sita za mwanzo hutumika dunia nzima.

Hapo kwenye namba ndipo asubuhi inapoishia. Kikapu cha kusuka kiko 4602. Lakini mnunuzi wa boksi hili, aliyeko Ujerumani, kwenye ankara yake amekiita mkoba wa mkononi, na mikoba iko 4202, ambako ushuru ni mwingine. Kanuni zenyewe zinasema vitu vilivyosukwa kwa mafunjo, ukindu na mimea ya namna hiyo haviingii 4202 hata vikitumika kama mkoba. Vinabaki 4602. Kwa hiyo naandika 4602, kisha namwandikia mnunuzi abadilishe ankara yake ifanane na tamko langu, maana karatasi mbili zikisema mambo mawili kifurushi kinawekwa pembeni. Mkufu wa shanga nao unakwenda 7117 pamoja na mapambo yasiyo ya madini ya thamani. Katani ndiyo inayonisumbua kuliko vyote, kwa sababu ikishasokotwa ikawa uzi inahesabika kuwa kitambaa, si ususi tena.

"Shikamoo mama. Hii katani mliisokota kwanza, au mlisuka nyuzi zake kama zilivyo?"

"Marahaba baba. Hii ya chini tulisokota, hii ya pembeni hatukusokota. Kwani huko wanataka kujua na hilo?"

Wanataka kujua na hilo.

Uzito una vituko vyake. Mafunjo yanavuta unyevu. Kikapu kilichopimwa wakati wa masika hakina uzito ule ule kikikaa juani, na boksi zima likikaa kwenye stoo ya saruji linaongezeka gramu kadhaa bila mtu kuligusa. Gramu hizo zina maana, kwa sababu pakiti ndogo ya posta ikizidi kilo 2 si pakiti ndogo tena, inaingia daraja jingine na bei nyingine. Mimi sasa nikifungasha pakiti ya namna hiyo naacha nafasi, nasimama kwenye kilo moja na gramu mia nane. Mnunuzi analipa kwa nafasi hiyo tupu, na akina mama hawaelewi kwa nini sikuongeza kile kikapu kidogo.

Halafu majina. Mkoa wa Mara umejaa majina yenye ng'. Kitambulisho cha NIDA kina ile alama, fomu inaikataa, ama inaigeuza kuwa kialama cha ajabu ambacho hakuna anayekijua. Nikiiondoa, jina kwenye tamko halifanani na kitambulisho cha mtumaji. Wajerumani nao wana herufi zao kwenye majina ya mitaa, ambazo nazo hukataliwa, kwa hiyo najifunza kuziandika kwa namna ambayo kompyuta ya hapa inakubali na tarishi wa kule ataelewa.

Anwani ya mtumaji ni shida ya peke yake. Kikundi kina S.L.P. ya kuazima, ya shule au ya kanisa. Mwaka 2022, sambamba na Sensa, kulikuwa na kampeni ya anwani za makazi, vibao vya barabara vikasimikwa na namba za nyumba zikabandikwa, na postikodi za mkoa wetu zinaanza na 31. Nashukuru kazi ile, imenisaidia. Ila ukimuuliza mama wa kijijini namba ya nyumba yake anakuambia ilibandikwa mlangoni na mlango ulishabadilishwa. Inabidi nimpigie mtendaji, au nimtume bodaboda akasome namba ya jirani.

Mpokeaji naye anatakiwa awe na namba ya simu au barua pepe. Mnunuzi akiwa hajaitoa, mzigo unakaa hapa chini ya meza huku tukimwandikia. Anayeishi Ulaya anapoona siku zinapita anadhani akina mama hawajamaliza kusuka. Kazi yao ilikwisha zamani, kinachosubiriwa ni barua pepe yake.

Na wanaopeleka Australia wanajua habari ya mimea. Kitu cha majani kiwe kikavu kabisa, kisiwe na mdudu wala tope, na pale nchi inapodai cheti cha afya ya mimea, hicho kinatolewa na mamlaka ya serikali, TPHPA, si mimi. Hapo nawaelekeza tu.

Tuseme sasa kila kitu kimejazwa. Kuna umeme, kuna mtandao? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Tanzania iliumia sana. Wengi walilalamikia WhatsApp. Sisi tulikuwa na maboksi yaliyofungwa, yamebandikwa, hayaendi kokote, kwa sababu bila taarifa kuingia hakuna namba ya kifurushi, na bila namba hiyo hakuna safari. Karatasi ya kalamu ingeondoka na basi la Mwanza siku ile ile.

Hata mtandao ukiwepo, mara nyingi kuna kazi ya kufanywa mara mbili. Nimejaza kwenye kompyuta yangu, nimeprinti, nimebeba na flashi. Nikifika kaunta ya posta, taarifa hizo hizo zinaingizwa upya kwa mkono, mstari kwa mstari, huku foleni nyuma ikinung'unika. Karani si mvivu. Anaandika tarakimu za HS ambazo hakuna aliyemfafanulia, na akiteleza tarakimu moja, kikapu kinasomeka kuwa kitu kingine kabisa kwenye skrini ya nchi nyingine. Mimi nasimama pembeni nikimsomea, kama mwalimu wa imla.

Jambo lililowaumiza akina mama zaidi ya yote lilikuja mwaka 2025. Kwa miaka mingi, kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Vikundi vyetu vilijenga biashara juu ya hilo: oda ndogo ndogo, kikapu kimoja kimoja kwa mteja mmoja mmoja. Tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ukaondolewa. Ikatakiwa ushuru ukadiriwe na kukusanywa mapema, kwa taarifa zinazotoka huku kunakotumwa, na kwa miezi sita ya mwanzo palikuwa na njia mbadala ya kutoza kiwango maalumu kwa kila kifurushi, kiwango cha chini kabisa kikiwa dola 80. Dola 80 juu ya kikapu kinachouzwa dola 30! Mashirika ya posta mengi duniani hayakuwa na mfumo wa kukusanya pesa hizo. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba mashirika 88 yalikuwa yamesitisha huduma zote au baadhi kwenda Marekani, na kwamba siku ile mizigo ya posta iliyokwenda huko ilishuka kwa asilimia 81 ikilinganishwa na wiki moja nyuma. Takwimu hiyo ilisomwa redioni ikapita. Kwangu ilikuwa oda za Krismasi zilizofutwa, na mhazini wa kikundi akiniuliza kama arudishe malipo ya awali ambayo yalikwishanunua rangi.

Ndiyo maana wengi wakaniambia: basi tumeni kwa jumla, boksi moja kubwa kwa muuzaji mmoja, yeye agawe. Tunafanya hivyo tunapoweza, na kwa kila kilo nauli huwa nafuu. Lakini muuzaji wa jumla anataka bei ya jumla, na kikapu ambacho mteja wa mmoja mmoja angekilipia vizuri kinakwenda kwa nusu. Wala fomu haipungui. Boksi moja lenye aina tisa za vitu lina mistari tisa, na kosa la mstari mmoja linazuia boksi zima, si kikapu kimoja.

Niseme kinachoniuma. Marekani, kampuni inayopeleka barua kwa wingi, ikiweka bakodi kwenye kila barua na kuwasilisha nyaraka zake za malipo kielektroniki, hupata punguzo kwa kila barua. Punguzo lenyewe ni chini ya senti moja, lakini linakiri jambo moja: aliyeandaa taarifa ameifanyia posta kazi. Mimi nimepanga vifurushi, nimevipima, nimetafuta namba za forodha, nimeandika anwani kwa usahihi, nimechapa kila kitu. Nikifika dirishani nalipa nauli sawa na aliyeleta boksi lisilo na maelezo yoyote na kusema "niandikie". Gharama ya kazi yangu inaangukia kwa akina mama, kwa sababu duka haliwezi kuwajazia bure. Kwenye daftari la mhazini iko mistari ya mafunjo, rangi, nauli ya hiace, posta, na "kujaza fomu". Huo wa mwisho umekuwa ukikua, na fedha yake inatoka kwenye mikono iliyosuka.

Ninawaomba wanaopanga bei na taratibu za posta nchini wafanye mambo mawili. Kwanza, faili ya taarifa iliyojazwa vizuri ipokelewe ilivyo, isiandikwe upya kaunta. Pili, anayeleta vifurushi vingi vyenye taarifa kamili apewe punguzo, na punguzo hilo lionekane kwenye stakabadhi ili mhazini aliingize kwenye daftari lake. Kwa viongozi wa vikundi: andikeni kila kitu mnaposuka, mafunjo au katani, imesokotwa au haikusokotwa, msingoje mpaka siku ya kufunga boksi. Na wewe uliye ng'ambo unayeagiza kikapu kutoka Mara, tuma jina lako kamili, anwani, namba ya simu na barua pepe siku ile ile unayolipa.