Modemu Iliyojiita Sidii



Wiki jana hapa Tseikuru nilihangaika siku mbili na ile kompyuta kuukuu ya kanisa, ya Linux. Binti wa mshirika mmoja alitaka kutuma maombi ya mkopo wa chuo, na siku zilikuwa zinakwisha. Nikachomeka modemu ya USB. Taa ikawaka, lakini kompyuta ikasema hii ni sidii. Nikachomoa, nikachomeka, nikakemea (usicheke). Sidii tu!

Kijana mmoja akapita, akanieleza. Modemu nyingi za aina hii hubeba ndani yake programu za Windows, kwa hiyo ukizichomeka hujitambulisha kwanza kama sidii. Hazijaharibika. Linux ina programu ndogo, usb_modeswitch, inayoitumia modemu ujumbe mfupi. Ikiupokea inajikata, kisha inarudi ikiwa modemu. Akaweka namba *99#, ikapiga, mtandao ukaingia, fomu ikaenda.

Sasa nikuambie kilichonichoma. Huyo kijana (amenikubalia niandike) ndiye niliyemwondoa kwaya kwa sababu ya pombe. Aliiacha kitambo. Mimi ndiye niliyebaki nikimsoma vilevile. Leo fungua Waamuzi 6, umwone Gideoni akiitwa shujaa huku angali amejificha shinikizoni na ngano yake.

Nilimwomba msamaha palepale, taa ya modemu ikiwaka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Pasta, siku hizi mazoezi ya kwaya huanza saa ngapi?"

Alhamisi, saa kumi jioni.