Tarehe Ubavuni mwa Mstari

Nilizaliwa Mombasa, nikasoma huko hadi kidato cha sita, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa Nairobi kwenye chumba cha kompyuta cha benki moja. Mashine ilikuwa AS/400, iliyotangazwa na IBM mwaka 1988. Leo mfumo wake unaitwa IBM i.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee aliyeanza kuandika RPG, lugha ya programu, enzi za kadi. Tumemzika mwaka huu, ndiyo maana naandika. Sheria yake ilikuwa moja: usifute mstari wa mwenzako. Weka nyota safu ya saba ili kompaila iuruke, kisha andika wako chini yake. Safu tano za kwanza, ambazo kompaila haizijali, tia herufi za jina lako na namba ya ombi. Tarehe ya badiliko iliandikwa kwenye kila mstari na SEU yenyewe, kihariri chetu cha skrini ya kijani. Mkaguzi akiuliza nani aligusa hesabu ya riba, jibu lilikuwa pale pale.

Linus Torvalds alipotoa Git, mfumo wa kutunza historia ya programu, mwaka 2005, programu zetu zilikuwa memba, yaani maandishi yaliyohifadhiwa ndani ya maktaba za mashine, ilhali Git hutaka faili za kawaida. Kwa bahati, AS/400 ilikuwa na IFS, sehemu ya kuhifadhi faili za namna hiyo, tangu miaka ya tisini. Njia ilikuwepo. Wazee waliuliza swali moja tu: tarehe zetu zitakwenda wapi?

Mshauri aliyekodiwa kutuhamishia Git hakuwajibu. Alihamisha memba zote kwa CPYTOSTMF, amri inayochukua maandishi na kuacha namba na tarehe za mistari. Akafuta mistari yote yenye nyota, kisha akakomiti, yaani akahifadhi toleo kwenye Git, kwa ujumbe wa neno moja: "Mwanzo". Kazi ya watu wengi ikasomeka kuwa ya mtu mmoja, ya siku moja.

Mimi nilikuwa upande wa Git na bado niko. Ukifuta mstari kwenye SEU, tarehe yake hupotea nao. Wawili wakinakili memba moja, kila mtu kwenye maktaba yake, wa mwisho kurudisha humfutia mwenzake kazi bila kujua. Git huyamaliza yote mawili. Lakini wazee walikuwa na haki ya kujibiwa, na jibu lilikuwepo: hamisha kwanza kila mstari na tarehe yake kwenye jedwali la hifadhidata, litunze, ndipo ukomiti.

Wanangu mnaorithi mashine hizi, fanyeni hivyo. Na mkikomiti, andikeni namba ya ombi na sababu ya badiliko. Jina na saa Git itaviweka yenyewe. Sababu ni lazima muiandike ninyi.