Fungate Chini ya Mlima wa Watoro

Mchumba wangu ametoa sharti moja tu kuhusu fungate yetu ya ng'ambo: asihangaishwe. Hoteli iwe moja, na mabegi yafunguliwe mara moja. Nami nikaongeza langu, kwamba pamoja na bahari pawepo na historia. (Akauliza kama anaolewa na mtu au na ratiba ya mihadhara.)

Tumechagua Mauritius, katika rasi ya Le Morne. Hapo hakuna haja ya kuhamahama: mlima wenye mita 556 umesimama juu ya ufukwe wenyewe, na katika mapango yake watumwa watoro walijificha. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Asubuhi moja nitaupanda. Alasiri zote ni za kulala mchangani. Siku nyingine tutakodi teksi hadi Port Louis, tukaone Aapravasi Ghat, mahali waliposhukia vibarua wa mkataba kutoka India, walioletwa kushika mashamba ya miwa utumwa ulipokomeshwa.

Kwa Mtanzania, hata hivyo, kisiwa hiki si ugenini. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Kisiwa hicho, wakati huo kikiitwa Isle de France, kilikuwa soko lao. Vipeperushi vya utalii nilivyosoma vinasifu mchanga na machweo, Kilwa haimo. Wala wanafunzi wangu wengi, wanaoijua Kilwa kwa dhahabu na msikiti wake mkuu, hawajausikia mkataba huo.